Kisa cha mwenye duka la mapazia: hasara ya Guangzhou iliyoanzia Dodoma

Mama huyu ana duka la mapazia na mashuka Dodoma mjini, kwenye ile mitaa ya barabara za namba, si mbali na Soko la Majengo. Biashara yake imekua pamoja na mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini tangu 2016, serikali ilipoanza kuhama kweli, nyumba zimechipuka Iyumbu, Nzuguni, Njedengwa na Ihumwa, na kila nyumba mpya ina madirisha yanayosubiri pazia. Kwa miaka mingi alikuwa akichukua mzigo Kariakoo. Mwaka jana aliamua kuufuata kwenye chanzo, Guangzhou, kusini mwa China.

Alirudi na robo tu ya mzigo aliokusudia, akiwa amepoteza hela kwa njia nne tofauti na ameonja kituo cha polisi. Sokoni kisa chake kinasimuliwa kwa kifupi: "Wachina walimuibia." Kikundi chake cha kuweka na kukopa kiliniomba niandike kilichotokea hasa, kwa sababu wanachama wengine watatu wanajiandaa kwenda. Yeye mwenyewe alikubali, kwa sharti nisimtaje jina. "Kaka, andika yote," alisema, "hata ya polisi. Nimechoka kuonewa huruma kwa jambo ambalo halikutokea."

Tumekaa dukani kwake jioni kadhaa tukipanga mambo kwa tarehe na saa. Nilichokiona kinanisumbua, ndiyo maana nakiandika kwa urefu. Hakuna aliyemuibia mfukoni, na katika watu aliokutana nao ni wawili tu waliomdhulumu. Karibu kila hasara aliyoipata kule ilitoka kwenye mambo mawili ambayo hakuyafanya akiwa hapa Dodoma: kufungua simu na kadi yake kwa matumizi ya nje, na kuuliza kalenda ya kule. Yote mawili yangemalizika asubuhi moja.

Usiku wa kwanza

Alipanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, akalala kwa ndugu, kesho yake akaruka. Alitua uwanja wa Baiyun jioni ya tarehe 27 Septemba. Alipomaliza uhamiaji na kupata begi lake ilikuwa karibu saa nne usiku kwa saa za kule, zilizo mbele ya zetu kwa saa tano.

Mwenyeji wake alikuwa kijana wa Chang'ombe, mtoto wa jirani, anayesoma Guangzhou na kusaidia wafanyabiashara siku za mapumziko. Walikuwa wakiwasiliana kwa WhatsApp miezi miwili mizima. Mama alipowasha simu uwanjani, haikushika mtandao wowote. Hakuwa ameomba kampuni ya simu imfungulie romingi, yaani huduma ya kutumia laini ya nyumbani ukiwa nje ya nchi. Alikuwa amesikia kwamba ni ghali, na akaamini angenunua laini ya kule akifika, kama alivyowahi kufanya Nairobi. Muda ule hakupata pa kuinunua. Mtandao wa bure wa uwanjani uliomba namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe wa simu, na ujumbe hauingii kwenye laini isiyofanya kazi.

Mfanyabiashara mmoja kutoka Uganda aliyekuwa naye kwenye ndege alimwazima simu. Mama akafungua mazungumzo ya zamani, akaisoma namba ya kijana, akapiga. Haikupatikana. Ile ilikuwa laini ya Tanzania, ambayo kijana aliendelea kuitumia kwa WhatsApp tu, kwa ajili ya watu wa nyumbani. Namba yake ya China hakuwahi kuiomba, na kijana naye hakufikiria kumpa.

Bado alikuwa na hoteli, kwa maana ya karatasi. Wakala aliyemshughulikia viza Dar es Salaam alikuwa amemwekea chumba ili maombi yakamilike. Viza ilipotoka, akakifuta chumba hicho kabla hakijaanza kudaiwa. Ni mtindo wa kawaida na wengi wetu tunaujua. Mama aliambiwa, "Ukifika Xiaobei utakuta Waswahili kibao, chumba hakikosekani." Kwa hiyo saa nne usiku, baada ya safari ya zaidi ya siku nzima, alikuwa katika jiji lililohesabu watu milioni 18.7 kwenye sensa ya mwaka 2020, akiwa na neno moja tu la kumpa dereva: Xiaobei, jina la mtaa wenye wafanyabiashara wa Kiafrika.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nadhani hapa ndipo kisa kilipoamuliwa. Mtu mwenye akili timamu, aliyeendesha duka miaka kumi na zaidi, anayeweza kumnyima dalali wa Kariakoo shilingi mia, saa ile alikuwa tayari kumkubalia yeyote atakayemwambia "njoo huku". Uchovu, giza na aibu ya kuonekana umepotea vinamaliza hoja zote. Akaja mwanamume akisema "taksi, taksi", akambebea begi, akampitisha mlango wa pembeni. Gari halikuwa na mita. Bei ikatajwa njiani: dola 100, yaani kama yuan 700. Uwanja uko umbali wa kilomita kama 30 kutoka katikati ya jiji, na kwa taksi halali ya foleni, yenye mita, nauli haifiki yuan 200. Metro nayo inafika uwanjani kwa yuan chache tu, ingawa treni zake zinakoma usiku.

Pale Xiaobei mambo yalimwendea vizuri kidogo. Aliingia mgahawa uliokuwa bado wazi, akasikia Kiswahili, na mama mmoja akampeleka kwenye nyumba inayopangisha vitanda kwa wafanyabiashara wa Kiafrika. Akalala. Mpaka leo anamshukuru aliyempeleka, na ana haki ya kumshukuru. Ila nyumba ile ndiyo iliyozaa mkasa wa polisi.

Sheria ya saa 24

China ina sheria ya kuingia na kutoka nchini iliyoanza kutumika Julai 2013. Mgeni akilala hotelini, hoteli yenyewe inapeleka taarifa zake polisi. Ndiyo maana wanaomba pasipoti mapokezi. Akilala kwenye nyumba ya mtu, yeye mwenyewe au mwenye nyumba anatakiwa kwenda kumwandikisha kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24. Asipofanya hivyo ataonywa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Sheria hiyohiyo inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee na pasipoti yake halisi.

Mama hakujua lolote kati ya hayo. Mwenye nyumba alimwambia siku chache hazina shida. Na ile hekima tunayopeana nyumbani, kwamba ukiwa ugenini ficha pasipoti, usitembee nayo, utaibiwa, ndiyo aliyoifuata. Aliifungia kwenye begi chumbani, mfukoni akabaki na nakala.

Tarehe 29 askari wawili walisimama karibu na stesheni ya metro ya Xiaobei wakikagua wageni. Nakala haikuwatosha. Wakaenda naye hadi chumbani, wakaiona pasipoti, wakauliza usajili wa makazi. Haukuwepo. Walimchukua kituoni pamoja na mwenye nyumba. Hakupigwa wala kutukanwa. Alikalishwa saa nyingi akisubiri mtu wa kutafsiri, kisha akaandikiwa onyo na faini. Siku nzima ya kazi ikaishia pale.

Jambo moja limemuuma kuliko faini. Mwenye nyumba, aliyemhifadhi usiku ule, naye aliadhibiwa, na hakutaka tena kumwona. Mama aliondoka asubuhi akiburuza begi lake kutafuta hoteli. Kwetu mtu akimkaribisha mgeni hatuwazi kwamba mgeni anaweza kumletea mwenyeji wake kesi. Kule inawezekana, na msafiri anayelala kwa ndugu au rafiki awajibike kuulizia usajili siku ileile anayofika, kwa ajili ya mwenyeji kama kwa ajili yake.

Hela

Hapa panahitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndipo wengi wetu tutaumia.

Alibeba dola 6,200 taslimu, zote kwenye mkoba mmoja wa kiunoni. China inamtaka anayeingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu aziandikishe forodhani. Hakuandikisha, hakukaguliwa, akapita. Sitaki mtu achukue hilo kama mfano.

Kadi ya benki alikuwa nayo. Hakuwa ameiarifu benki kwamba anasafiri, wala kuomba kadi ifunguliwe kwa malipo ya nje ya nchi na ya mtandaoni. Alipoijaribu kwenye mashine, ilikataa, na baada ya majaribio kadhaa ikafungwa. Ilikuwa saa nne usiku kule. Hapa Dodoma saa kumi na moja jioni, tawi limeshafunga. Asubuhi yake alianza kupiga simu saa mbili, wakati Dodoma ni saa tisa za usiku. Benki ya nyumbani inapofungua milango saa mbili na nusu asubuhi, Guangzhou ni saa saba na nusu mchana, na nusu ya siku imeshakwenda.

Zaidi ya hayo, jiji lile linalipa kwa simu. Kuanzia muuza chai hadi muuza majora ya kitambaa, kila mmoja ana picha ya msimbo mezani, unaipiga picha kwa Alipay au WeChat, programu za simu za Kichina za kulipia (WeChat ni ya kutumiana ujumbe pia), umelipa. Kisheria mfanyabiashara hatakiwi kukataa noti, lakini mara nyingi hana chenji. Mgeni anaweza kuweka Alipay kwenye simu yake, akaunganisha kadi ya Visa au Mastercard na kuthibitisha pasipoti. Lakini ili kuanza inatumwa namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya simu. Tumerudi palepale: laini haikuwa inafanya kazi. Bila romingi hakuna ujumbe, bila ujumbe hakuna Alipay, na hata angekuwa nayo, kadi ilikuwa imefungwa.

Akabaki na dola mkononi, na dola hazinunui kitu mtaani. Benki za China zinabadilisha ukionyesha pasipoti, ila zina foleni na fomu. Nje, karibu na Xiaobei, kijana mmoja alimpa bei nzuri kidogo kuliko ya benki. Kubadilisha hela kwa watu wa mtaani ni kosa kisheria kule, hivyo ukidhulumiwa huna pa kwenda. Alimpa dola 1,000, akahesabiwa kitita cha noti za yuan 100 mbele ya macho yake, wakaagana. Jioni, muuza duka alizikataa noti tisa. Zilikuwa bandia.

Noti ya yuan 100 inayotumika sana ni toleo lililotoka Novemba 2015. Tarakimu kubwa ya 100 iliyo katikati inang'aa rangi ya dhahabu, na ukiiinamisha inageuka kijani. Mama hakuwahi kuishika noti hiyo kabla ya siku ile, basi angeilinganisha na nini? Hili ni la kufanya nyumbani, hata kwa picha: jifunze sura ya hela ya nchi unayokwenda kabla hujapokea hata noti moja.

Yuan 900 ni hela. Lakini nikitazama hesabu nzima, si hizo zilizomrudisha na robo ya mzigo.

Kalenda

Tarehe 1 Oktoba China inasherehekea kuzaliwa kwa Jamhuri ya Watu mwaka 1949, na mapumziko yanachukua wiki nzima. Viwanda vinafunga. Watu kwa mamilioni wanasafiri kwenda makwao. Mama alikuwa amepanga safari kuanzia 27 Septemba hadi 10 Oktoba kwa sababu tiketi ilikuwa nafuu na kwa sababu alitaka mzigo ufike kabla ya Krismasi. Hakuna aliyemwambia. Hata kijana wa Chang'ombe, anayeishi kule, hakusema. Alidhani mama anajua.

Siku za kazi alizokuwa nazo kabla ya sikukuu ni tatu. Ya kwanza aliitumia kulala na kumtafuta kijana, ambaye hatimaye alimpata kupitia Watanzania wa mgahawani, kwa WeChat. Ya pili iliishia polisi. Ya tatu ilikuwa ya kwenda Shaoxing, mkoa wa Zhejiang, ambako soko la vitambaa la Keqiao ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kijana alimkatia tiketi ya treni ya kasi ya asubuhi tarehe 30 kwa pasipoti yake. Tiketi ilisema Guangzhou Kusini. Mama, akiwa peke yake, aliona kwenye ramani ya metro kwamba Stesheni ya Reli ya Guangzhou ni kituo kimoja tu kutoka Xiaobei, akafurahi, akaenda. Guangzhou Kusini iko wilaya ya Panyu, mbali upande mwingine wa jiji. Njia ya 2 ya metro inaziunganisha moja kwa moja, lakini alipogundua zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Treni ikaondoka, na tiketi nyingine zilikuwa zimeisha kwa wiki yote.

Kosa la stesheni ni rahisi kulielewa. Jiji kubwa huwa na stesheni nyingi zenye jina la jiji, zikitofautishwa kwa neno moja dogo: kusini, mashariki, kaskazini. Ninachotaka wanachama wa kikundi wakione ni kwamba kosa lile lingegharimu saa mbili tu kama isingekuwa mkesha wa sikukuu. Kalenda ndiyo iliyoligeuza kuwa wiki.

Kuanzia tarehe 1 alizunguka soko la vitambaa la Zhongda, wilaya ya Haizhu, palepale Guangzhou. Maduka mengi aliyoelekezwa yalikuwa yamefungwa, na yaliyofunguliwa yalikuwa na kijana wa zamu asiyeruhusiwa kupunguza bei wala kupokea oda. Alinunua alichokikuta, kwa bei ya kukuta. Muda uliobaki alikaa hotelini Xiaobei, ng'ambo ya Mto Zhujiang, akilipa chumba cha mbali na soko alilolijia.

Nilimuuliza kipi kilimuumiza zaidi. Alitaja noti bandia mara moja, kisha dereva, kisha polisi. Wiki ya sikukuu hakuitaja kabisa mpaka nilipomwonyesha hesabu: chumba, chakula, tiketi ya ndege, na mzigo wa Krismasi ambao haukununuliwa. Ilizidi hasara nyingine zote zikijumlishwa. Alinyamaza, akaipitia tena karatasi kwa kidole. Nadhani sote tuko hivyo. Hela iliyochukuliwa na mtu tunaikumbuka uso wake. Hela iliyopotea kwa kutouliza tarehe haina uso, kwa hiyo hatuihesabu, na mwenzetu anayefuata hatumwonyi.

Kurudi

Tiketi ya kurudi iliandikwa 10 Oktoba, 00:10. Mama alipanga kufunga mizigo tarehe 10 mchana na kwenda uwanjani jioni. Kijana alipita tarehe 9 saa kumi alasiri kumuaga, akaiona tiketi mezani. "Shangazi, ndege yako ni ya usiku wa leo wa kuamkia tarehe 10. Kesho jioni itakuwa imeshafika Addis." Walifunga mabegi mbio, wakapanda metro pamoja, akaiwahi. Bila kijana yule angenunua tiketi mpya. Ndege zinazoondoka baada tu ya saa sita usiku ni nyingi kwenye njia za kwetu, na mwenye tiketi ya namna hiyo aiandike kwenye kalenda yake kwa tarehe ya siku ya kwenda uwanjani.

Tulichokipanga na kikundi

Wale watatu wamebadilisha mpango wao. Wanakwenda katikati ya Novemba, baada ya Maonesho ya Canton. Maonesho hayo hufanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957, na ya vuli huanza 15 Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, wakati hoteli zinapanda bei. Wamekwepa pia miezi ya Januari na Februari, kwa kuwa Mwaka Mpya wa Kichina unafunga viwanda kwa muda mrefu kuliko hata ile wiki ya Oktoba.

Hoteli wameweka Haizhu, karibu na soko, na usiku wa kwanza wameshaulipia ili usifutwe na mtu. Jina na anuani ya hoteli wamezichapisha kwa herufi za Kichina kwenye karatasi, kila mmoja yake, kwa sababu dereva wengi hawasomi herufi zetu na ramani za Google hazifunguki kule. Hata zikifunguka, alama ya mahali inasogea pembeni. Romingi zimefunguliwa na kujaribiwa. Wawili wamebaini kwamba kwa laini ya Tanzania iliyo kwenye romingi WhatsApp inaendelea kufanya kazi, wakati laini ya China haiifungui, hivyo watabeba zote mbili. Alipay wameiweka hapahapa Dodoma na benki imefungua kadi zao. Wa tatu kadi yake bado inasumbua, na tumemwambia asikate tiketi mpaka itulie.

Kwenye daftari, si kwenye simu, wameandika namba ya kijana ya China, 110 ya polisi, 120 ya gari la wagonjwa, na namba ya ubalozi mdogo wa Tanzania ulioko Guangzhou.

Mama mwenyewe hakupenda kusikia habari za kurudi kule. Wiki iliyopita alinipigia kuuliza kama Machi, baada ya Mwaka Mpya wao kuisha, viwanda vya Keqiao vinakuwa vimeshafungua, na treni ya Shaoxing inaondokea stesheni ipi. Nilimwambia aisome tiketi yake, neno la mwisho. "Nimeshaisoma," alisema. "Nataka na wewe uisome."